Shamba Lililoposwa Mara Tatu

Mimi ni fundi wa mawe, na katika maisha yangu kazi iliyoonwa na watu wengi kuliko zote ni kuta tatu fupi ambazo hazishikilii chochote. Ziko katika shamba la Jendeka, kando ya barabara, hapa kwetu Vumale. Kila moja ina kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na kila moja imebandikwa kibao cha marumaru chenye jina la mheshimiwa fulani. Nilizijenga mimi Lugalia, kwa mikono hii hii, na nililipwa siku hiyo hiyo, jambo ambalo serikali haijawahi kumfanyia mwalimu wala muuguzi. Basi nieleze habari za Jendeka, maana zangu ni aibu tu na hazichukui muda mrefu.

Jendeka alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Vumale walipitia mikononi mwake, tena ndani ya jiko lake la nje, jiko la kuta za udongo na mabati yenye matundu. Hakuwa mpole. Mwanamke akilia kupita kiasi, Jendeka alimwambia, "Nyamaza wewe! Siku ya kumtafuta huyu hukupiga kelele hivi." Mwanamke alicheka hata akiwa katikati ya uchungu, na mara nyingi mtoto alitoka hapo hapo.

Kisha serikali ikasema wakunga waache, kila mama akazalie hospitali. Jendeka aliitwa semina, akapewa fulana, kofia na begi, akarudi na kuwatangazia wanawake kwamba amestaafu. Alitii kwa moyo wote, kwa sababu alikwisha kuona damu ambayo mikono yake haikuweza kuizuia. Shida ilikuwa moja tu. Daktari mwenyewe yuko kilomita kumi na nne, na mteremko wetu mvua ikinyesha hata mbuzi huufikiria mara mbili.

Mke wangu Minayo alishikwa na uchungu usiku wa mvua ya namna hiyo. Pikipiki iliteleza ikakwama kabla hatujafika lami. Nilimlaza juu ya koti langu, nikakimbia kumwita Jendeka. Alikuja na lile begi la semina, bila viatu, lakini tulikuwa tumechelewa. Mtoto alitoka akiwa kimya. Alikuwa msichana.

Tulimzika kesho yake, watu wachache tu, maana mtoto wa namna hiyo hafanyiwi mkutano. Jendeka alisimama bila kuombwa, akasema, "Kipande changu cha kando ya barabara, kuanzia leo, ni cha zahanati. Mmenisikia nyote." Basi. Hakuna aliyepiga makofi. Sisi Walogoli tumebanana juu ya vilima hivi kama dagaa kwenye kikapu. Mtu humpeleka ndugu yake wa tumbo moja kwa chifu kwa sababu ya mstari mmoja wa mahindi. Na huyu mjane mwenye robo eka alikuwa ametoa nusu yake mbele ya kaburi, ambako neno likisemwa halirudi. Wiki iliyofuata alitia sahihi ofisini kwa chifu.

Jiwe la kwanza liliwekwa na mbunge. Niliitwa nijenge ukuta wa kubandika kibao, na ninakiri kwamba nilipoijaribu kamba ya pazia na pazia likafunguka, nililia kama mtoto. Niliona vitanda ndani ya hewa. Kulikuwa na mahema, ng'ombe wawili walichinjwa, akina mama walicheza mpaka vumbi likapanda. Jioni lori moja la mchanga likamwagwa pale. Ule mchanga ulikaa miaka miwili, ukapungua polepole. Nami nilichota toroli mbili, nisiseme uongo.

Jiwe la pili liliwekwa na mkubwa wa kaunti, kwa helikopta iliyong'oa migomba mitatu. Jiwe la tatu liliwekwa na mwakilishi wetu wa wadi mwaka juzi. Nilipopewa kile kibao nikibandike, nilikisoma mara mbili. Kilisema: Upanuzi wa Zahanati ya Vumale.

"Upanuzi?" nikamuuliza mtu wa ofisi aliyekileta. "Nipanue nini, na hapa kuna mahindi?"

"Fundi, kazi yako ni simenti," akanijibu. "Kusoma tuachie sisi."

Nikabandika. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimeshajua, na bado nikabandika, tena nikakipima kwa pimamaji kisipinde.

Mambo yangeendelea kukaa hivyo kama Asava asingerudi. Asava ni mwana wa pekee wa Jendeka, alikuwa askari wa lango katika kiwanda kimoja Nairobi. Kiwanda kikafungwa, naye akarudi na mke, watoto wawili na godoro. Sasa kwetu, mwanamume aliyeoa halali chini ya paa la mama yake. Hata mvua inyeshe moto. Atakula pale, atacheka pale, lakini giza likiingia anatoka. Na Asava hakuwa na nyumba, kwa sababu mahali ambapo angejenga nyumba palikuwa na mawe matatu ya waheshimiwa. Nikawapa stoo yangu ya vifaa. Mke wake alitandika godoro katikati ya mifuko ya simenti, watoto wakalala karibu na toroli.

Miezi minne ikapita hivyo. Asubuhi moja Jendeka alikuja kwangu akaketi juu ya jiwe nililokuwa nachonga, kwa hiyo ikanibidi niache kazi.

"Lugalia, mjukuu wangu anakohoa simenti."

"Najua, Mama. Usiku namsikia."

"Asava anataka nilirudishe shamba. Jana amenipandishia sauti. Hajawahi."

"Na wewe unasemaje?"

Alichokonoa chini kwa kijiti. "Binti akiposwa, ng'ombe wasipokuja, sisi hufanyaje?"

Nilielewa mara moja, nikaanza kucheka, kisha nikaacha. Kwetu mkwe akivunja ahadi yake ya mahari, mashangazi wa msichana hujifunga vitambaa wakaenda kumchukua. Wanafika, wanaketi na mikoba mapajani, hawagusi chai, hawagusi hata maji. Wanasema, tumekuja kumchukua mtoto wetu. Na ukweli ni kwamba hawaji kumchukua. Wanakuja kuwapa wakwe aibu. Kabla jua halijazama, ukoo mzima wa mume utakuwa unakimbia huku na huku kutafuta angalau mbuzi, watawazuia mashangazi mlangoni, wataomba, na msichana atabaki kwake. Sijawahi kuona wakwe wakimfungulia bibi arusi mlango na kusema, haya, kwaherini.

"Mama, ile ni kaunti. Si wakwe."

"Walikula nyama? Walicheza ngoma? Walisema mbele ya watu kwamba wanamtaka?" Akainuka, akajipangusa. "Ni wakwe. Vaa koti, Jumatano tunaenda."

Tulikwenda watu watatu: Jendeka, wifi yake Kasoha, ambaye mdomo wake unaweza kuvunja mawe bila nyundo, na mimi, kwa sababu lazima awepo mwanamume wa kushuhudia. Tulisubiri kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita. Juu ya ukuta kulikuwa na tangazo la kupiga vita ufisadi, na chini yake mfagiaji alikuwa amesimamisha ufagio. Hatimaye tukaingizwa kwa afisa wa miradi, Bwana Amugune, mtu wa makamo, shati safi, mashavu ya mtu anayelala vizuri.

"Karibuni, karibuni. Chai ama soda?"

"Hatutakunywa," Jendeka akasema.

"Hata maji?"

"Hata maji."

Amugune akawatazama wale akina mama, vitambaa vimefungwa, mikoba mapajani, migongo imenyooka. Nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa mtoto wa vilima vyetu huyu, alikuwa na dada na mashangazi. Akaiweka kalamu chini.

"Mama," akauliza polepole, "haya ni mambo ya nyumbani?"

"Ni ya nyumbani. Tumetoka Vumale. Tumekuja kumchukua mtoto wetu." Jendeka hakupandisha sauti. "Mlimposa mara tatu. Mara ya kwanza mkaja na magari, mara ya pili mkaja na ndege, mara ya tatu mkasema ameshazaa, mnamwongezea chumba. Tulikula nyama yenu, tukacheza. Ng'ombe hatujaona."

"Kwato hatujaona," Kasoha akadakia. "Hata mavi yake hatujaona!"

Amugune alitaka kucheka, akashindwa. Akainamisha kichwa. Nikamwonea huruma. Kisha akasimama akafunga kifungo cha koti. "Nipeni dakika chache. Msiondoke, tafadhali."

Alipotoka, Kasoha akanipiga kiwiko. "Umemwona? Jasho! Anaenda kutafuta mbuzi huyo."

"Nyamaza, wifi," Jendeka akasema, lakini na yeye macho yake yalikuwa mlangoni. Alikuwa amekunja ncha ya kitambaa chake mkononi, anaikunja na kuikunjua. Nilimwelewa. Hakuwa amekuja kuchukua shamba, hata kidogo. Alikuwa amekuja wamzuie. Waseme, Mama, tafadhali, tupe mpaka mwezi ujao, mafundi wanakuja. Nami nina miaka hamsini na minne, nimebandika vibao vitatu vya uongo, na nilikaa pale nikiamini kabisa kwamba mlango ukifunguka ataingia mtu na habari ya zahanati.

Mlango ulifunguka. Amugune aliingia na karatasi moja, bado ina joto la mashine. Hakuchukua hata robo saa.

"Mama, nimeongea na wakubwa. Hawana neno. Shamba lako tunakurudishia leo leo." Alikuwa anatabasamu, na kwa kweli nadhani alijiona anatutendea wema. "Tia sahihi hapo chini tu. Fundi atakuwa shahidi."

Mkoba wa Kasoha uliteleza mapajani, asiuokote.

"Leo leo?" Jendeka akauliza.

"Leo leo."

"Hamtaniomba hata nisubiri?"

Amugune akaisogeza karatasi karibu.

"Isome, Lugalia," Jendeka akasema. "Kwa sauti."

Nikasoma. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yeye, mwenye ardhi, ameiondoa ardhi yake kwa hiari yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo ujenzi wa Zahanati ya Vumale haukuwezekana.

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"Haukuwezekana kwa sababu ya nani?"

"Mama, hayo ni maneno ya ofisi tu," Amugune akasema. Akaishusha sauti, kama mtu anayemweleza mama yake jambo la siri. "Nikuambie ukweli. Wakaguzi wa serikali wanatusumbua na hiyo zahanati. Wanauliza pesa zilienda wapi. Sasa ukitia sahihi, faili inafungwa. Wewe unapata shamba, sisi tunapumua. Kila mtu anaenda nyumbani akicheka."

"Mwanangu, wewe una dada?"

"Ninao wawili."

"Wakirudishwa nyumbani kwa sababu ng'ombe hawakuletwa, mtasema nini? Mtasema ng'ombe hawakuletwa. Ama mtaandika kwamba msichana alikuwa na miguu mirefu, akatoroka mwenyewe?"

Masikio ya Amugune yakawa mekundu, na yeye ni mweusi kama mimi. "Mama, mimi pia nimeandikwa kazi tu."

"Najua. Lugalia pia aliandikwa kazi." Alisema hivyo bila hata kunitazama, akainuka, akauchukua mkoba wake. "Karatasi yako nzuri. Ibaki hapa."

Nje, Kasoha alilipuka. "Aki wewe ni mwanamke wa namna gani? Si utie tu sahihi! Mtoto wako analala na majembe, wajukuu wanakohoa, na umewekewa shamba mkononi! Karatasi nani atasoma?"

"Watasoma siku mtu atakufa pale barabarani," Jendeka akasema. "Watu watauliza, mbona hakuna zahanati hapa? Na hao watatoa karatasi yangu. Watasema, muulizeni Jendeka, yeye ndiye alikataa." Alikuwa anatembea haraka, tukimfuata nyuma. "Nilimshika mtoto wa Lugalia kwa mikono hii. Nitamwambia Minayo nini?"

Miaka kumi na moja imepita tangu tumzike yule msichana, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaja mbele yangu mchana kweupe. Nilisimama kidogo kando ya duka la simu, nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Kasoha aliniona, akanyamaza njia nzima, na kwa mdomo kama wake hiyo ni kazi.

Nyumbani Asava alikuwa anatungoja langoni kwa Jendeka, amevaa shati lake la Nairobi. Alidhani tunarudi na habari njema. Mama yake alipomweleza, alirusha kofia chini.

"Mama! Nchi hii watu wanaiba mpaka mabati ya shule, na wewe unakataa shamba lako mwenyewe? Unawalindia nini? Hayo mawe ni babu zako?"

"Shamba ningekupa. Ni langu. Shida ni jina langu kwenye karatasi yao."

"Jina halilaliwi, Mama."

"Kweli halilaliwi." Akamtazama mwanawe kwa muda. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee. "Lakini nikilichukua shamba, Asava, deni limekwisha. Hakuna atakayedaiwa tena. Wacha mtoto wetu abaki pale pale kwao, na mawe yake matatu. Kila anayepita aone nani alimposa na hakumlipia."

"Na mimi?"

Jendeka akageuka akaonyesha jiko lake la nje. "Bomoa hilo."

Asava alisahau hasira yake. "Jiko? Mimi nilizaliwa humo."

"Na wenzako wote. Walishatoka, hakuna aliyebaki ndani. Mimi nitapikia kibarazani, sufuria moja na mafiga, mjane anahitaji nini?" Wazee wawili wa ukoo walikuja jioni kulalamika kwamba nyumba ya mwana haikai mahali pa jiko la mama, si desturi. Jendeka aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza ni yupi kati yao atakayempa Asava robo ya shamba lake. Wakaondoka wakisema mvua inakuja.

Tuliubomoa ukuta wa kwanza wa jiko Jumamosi. Kuta za udongo zile zilikuwa nyeusi ndani kwa moshi wa miaka arobaini, na Jendeka hakukaa kutazama, alikwenda kanisani ingawa hapakuwa na ibada. Nilimwambia Asava kwamba sitachukua malipo, na akijaribu kunishukuru nitaondoka. Mawe niliyavunja mwenyewe kutoka kwenye mwamba wangu. Msingi niliuchimba mpaka kiunoni. Asava alisema nyumba ya vyumba viwili haihitaji shimo kubwa hivyo, nami nikamwambia anishikie kamba na anyamaze.

Katikati ya kazi simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya wadi. Walitaka ukuta mdogo kijiji cha juu, wa uzinduzi wa kisima.

"Kisima kimechimbwa?" nikauliza.

Mtu wa upande wa pili akacheka. "Fundi, wewe jenga ukuta. Malipo siku hiyo hiyo, si unatujua?"

Nikamwambia nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikamwambia najenga nyumba, akadhani namtania.

Siku ya tisa kuta zilifika juu ya madirisha. Mke wa Asava alikwisha kupima kwa hatua zake mahali pa kitanda, na watoto walikuwa wakiingia kwa mlango na kutokea dirishani, wakarudi tena kwa mlango. Saa nne Jendeka alileta uji kutoka kibarazani, Kasoha nyuma yake na vikombe. Jendeka aliweka sufuria chini, akaenda mpaka ukutani, akaupiga kwa kiganja mara mbili tatu. Akausukuma kwa bega. Akachungulia chini kwenye msingi, akauzunguka ukuta wote kimya kimya, pembe hata pembe, akarudi akasimama mbele yangu.

"Kumbe Lugalia," akasema, "kujenga unajua."

Kasoha alicheka mpaka akaketi chini na vikombe vyake. Hata Asava alicheka, na watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, simenti inadondokea viatuni.